Ngazi ya Kupona

Mama Ngoie ndiye aliyenipigia simu kuniambia kwamba Dokta Mulunda ametutoka. Sauti yake, ambayo zamani ilitosha kunyamazisha chumba kizima cha wagonjwa, sasa imekuwa nyembamba, lakini bado haipotezi maneno. "Feza, Dokta amekwenda. Matanga iko Lubumbashi, kwa binti yake. Uje." Nikaenda. Tulikaa sisi wawili kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, muuguzi wa zamani na mgonjwa wake wa zamani, na karibu na saa ya chakula binti mkubwa wa marehemu alikuja kutuomba mmoja wetu aseme machache juu ya kazi aliyoifanya baba yao Kalemie kabla wao hawajazaliwa, kwa kuwa nyumbani hakuizungumzia kamwe. Mama Ngoie alinisukuma kwa kiwiko. Nikasimama, nikasema kwamba marehemu alitaka kujua watu waliovunjika mifupa hulala muda gani kabla ya kutembea, na kwamba nilimsaidia kuchora. Waombolezaji wakaitikia kwa heshima, kwaya ikaendelea. Nilipokaa niliona kwamba nilichosema kilikuwa kweli, na kwamba hakikuwaeleza chochote. Haya ninayoandika ni yale ambayo hayakupata nafasi pale.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, upande wa hisabati. Nchi ilikuwa ingali Zaire, na barabara ya Kabimba ilikuwa ingali inapitika kwa bahati. Siku hiyo bahati haikuwepo: lori tulilolipanda liliteleza kwenye tope, likalala ubavu, na mimi nikatoka chini ya magunia nikiwa na paja lililovunjika karibu na nyonga. Sitasimulia safari ya kunirudisha mjini. Ninakumbuka zaidi chumba nilichoingizwa. Kilikuwa chumba kirefu cha wanawake katika nyumba ya wagonjwa wa mifupa, ambayo sote tuliiita pavio. Dari lilikuwa la mbao zilizopakwa rangi ya maziwa, na kwa kuwa tulilala chali mchana kutwa, kila mmoja wetu alilijua dari lake kama anavyojua uso wa ndugu. Mguu wangu uliinuliwa kwa kamba iliyopita kwenye gurudumu dogo na kuning'iniza mifuko ya mchanga nje ya kitanda, ili mfupa uvutwe unyooke. Wanawake wengine nao walivutwa hivyo hivyo. Mtu akipita haraka kati ya vitanda, mifuko iligusana ikatikisika, na kilio kilianza upande mmoja wa chumba kikaishia upande wa pili.

Hospitali haikupika. Aliyekuwa na ndugu mjini alikula. Asiye na ndugu aliangalia. Ndugu zangu wote walikuwa Nyunzu, mwendo wa treni, na huenda ningeshinda njaa siku zile za kwanza kama kitanda cha jirani kisingekuwa cha Mama Zaina. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfanyabiashara wa samaki, wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walivuka ziwa kuja kufanya biashara. Aliteleza kwenye ubao akishuka kutoka mtumbwini na kikapu cha samaki wa mikebuka kichwani, akavunjika paja. Kikapu, alisema, hakikumwagika. Dada yake alileta chakula kila adhuhuri katika sufuria iliyofungwa kitambaa: ugali tunaouita bukari, sombe ya majani ya muhogo iliyotiwa mawese, siku nyingine ndakala, dagaa wa ziwa letu, waliokaangwa wakakauka hadi wakalia chini ya meno. Siku ya pili tu Mama Zaina alimwambia dada yake, bila kuniangalia, "Kuanzia kesho uongeze. Huyu mutoto iko na macho makubwa." Tangu hapo nilikula kwenye sahani yake kwa karibu nusu mwaka. Kitanda cha upande wangu mwingine kilikuwa cha Mama Kisimba, kikongwe kutoka Ankoro aliyevunjika nyonga akiwa amekuja kumtembelea mwanawe. Alizungumza kidogo sana, na akizungumza alizungumza juu ya mto wake, Luvua, kwa namna iliyofanya ziwa letu lionekane kama maji yaliyosahauliwa mahali.

Dokta Mulunda alikuwa amerudi karibuni kutoka masomoni Ulaya. Alikuwa mwembamba, abakosti yake, ile suti isiyo na tai ya wakati ule, chini ya koti jeupe ilipigwa pasi mpaka kwenye mifuko, na alikuwa na desturi ya kuketi juu ya kigoda kando ya mgonjwa badala ya kusimama miguuni pake. Alinikuta nikifanya mazoezi ya hisabati nyuma ya bahasha ya picha zangu za mifupa. Aliichukua, akaisoma mpaka chini, akaonyesha kosa katika mstari wa tatu, akaondoka. Kesho yake alirudi na karatasi za miraba, penseli mbili na rula. Alinieleza tatizo lake kama mtu anayemweleza mwenzake wa kazi, jambo ambalo halikuwa limenitokea bado na mtu mzima yeyote. Kila familia inayoleta mgonjwa humwuliza, "Atalala muda gani?" Wanauliza kwa sababu lazima wapange nani atapika, nani atalima, nani atabaki na watoto. Naye amekuwa akiwajibu kwa wastani uliopatikana kwa kuwachukua waliopona na kugawanya muda wao. "Unaona ubaya wake?" aliniuliza. Sikuuona. "Nimewahesabu waliopona tu. Ambao bado wamelala, hawamo. Walioondoka kabla ya kupona, hawamo. Wale wanaokawia njo wanaanguka nje ya hesabu. Kwa hiyo jibu langu ni fupi kila mara. Familia inajitayarisha kwa muda mufupi, chakula kinaisha, wanamubeba mugonjwa wao, na mwaka unaofuata jibu langu linafupika zaidi."

Kuna njia, alisema, ambayo wanahisabati waliitunga kwa kuchunguza muda ambao watu huishi, lakini inafaa kwa kuchunguza muda wa kungoja jambo lolote. Alichora mstari wa kulala juu ya karatasi: huo ni sisi sote, siku ya kwanza, tumelala. Mmoja anapopona, mstari unashuka kidato kimoja. Mwingine anapopona, kidato kingine. Mwishowe unapata ngazi inayoteremka, na ukiitazama unaweza kusema, baada ya miezi kadhaa, ni fungu gani la watu lingali kitandani. Anayeondoka kabla hajapona hashushi kidato, kwa kuwa hatukumwona akipona. Lakini hafutwi pia. Muda wote tuliomwona amelala unabaki katika hesabu, kisha tunatia alama ndogo, kijiti kimoja, mahali alipotutoka. Ukubwa wa kila kidato kinachofuata huhesabiwa kati ya waliobaki tu. Nilielewa mara moja, kwa furaha baridi ya mtu anayeona mlinganyo ukifunguka. Sikufikiri kwamba mstari ule wa kulala ulinihusu mimi.

Kabla ya kuchora ilibidi tukubaliane kupona ni nini, na Dokta, badala ya kuamua ofisini, aliuliza chumbani. Ilikuwa asubuhi, baada ya vidonda kusafishwa. "Mukisema muntu amepona muguu, munataka kusema nini?" Wote wakasema pamoja. Mama Zaina alimaliza mjadala kwa sauti ya sokoni: "Kupona ni kuchuchumaa. Muntu asiyeweza kuchuchumaa atapika namna gani? Na kule chooni je?" Wanawake wakacheka, mifuko ikatikisika, wakalia, wakacheka tena. Mama Kisimba alisubiri watulie. "Kuingia mu mutumbwi bila kushikwa," alisema. Nilisema ningependa kupanda ngazi za shule. Mama Ngoie, aliyekuwa akikunja bandeji mlangoni, alisema kwake yeye mgonjwa amepona siku anapoanza kumjibu vibaya. Dokta alitabasamu, akafikiri, mwishowe akachagua jambo ambalo mtu yeyote angeweza kulishuhudia: kutembea kutoka kitandani hadi lango la hospitali na kurudi, bila fimbo wala mkono wa mtu. Mama Zaina hakuridhika. "Hiyo ni kupona kwa mulinzi wa lango," alisema, "si kwangu." Baadaye katika maisha nimekaa katika vyumba vingi vya mikutano ambamo wataalamu walibishana juu ya neno lile lile, kwa Kifaransa na kwa projekta, na sikumbuki kama walifika mbali zaidi ya pale.

Kwa hiyo nikawa mchoraji. Dokta aliniletea habari za wagonjwa wa miaka iliyopita na za wale waliokuwa chumba cha wanaume, na mimi, nikiwa nimelala na ubao umeegemea paja zima, nilipanga muda wao na kushusha vidato. Wenye mfupa uliovunjika chini ya goti walishuka haraka, ngazi ya mtu mwenye safari. Wenye paja walishuka polepole. Wale waliovunjika juu, karibu na nyonga, kama mimi, walishuka mwanzoni kwa matumaini, kisha mstari ukawa tambarare, ukaenda, ukaenda, ukiwa na vijiti vingi vya walioondoka na vidato vichache. Niliuchora mstari huo kwa usafi zaidi kuliko mingine yote. Nilimwonyesha Dokta. Aliutazama, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza alisimama badala ya kuketi. "Hii ni watu wachache," alisema. "Usiisome kama muntu mumoja." Nilijibu kwamba sijaisoma hivyo. Alipotoka nililigeukia dari langu, na sombe ilipokuja adhuhuri nilisema nimeshiba.

Mama Zaina alikuwa ameambiwa, kwa ule wastani wa zamani, kwamba atarudi nyumbani kabla ya mfungo wa Ramadhani. Mfungo ulikuja. Alifunga kwa siku chache kitandani, ingawa Mama Ngoie alimgombeza, na magharibi dada yake alileta uji na tende, nami nikafuturu naye bila kuwa nimefunga. Idi ikapita. Siku chache baadaye shemeji zake watatu walikuja na kitanda cha kamba kilichofungwa juu ya miti miwili. Ng'ambo ya mto Lukuga kulikuwa na mzee anayeunga mifupa kwa banzi na dawa za majani, nao walitaka kumpeleka huko. Dokta aliitwa. Aliketi juu ya kigoda chake.

"Mama Zaina, mufupa umeanza kushika. Tukiufungua sasa, unaweza kupinda."

"Utashika lini?"

Nilijua Dokta alikuwa na ngazi ya mapaja kichwani, kwa kuwa nilimpa mimi. "Siwezi kukutajia siku," alisema.

"Mara ya kwanza uliitaja."

"Mara ya kwanza nilikuambia vibaya."

Mama Zaina alimtazama bila hasira. "Dokta, miye sikugombeze. Lakini mutoto wangu wa mwisho alikuwa anatambaa wakati niliingia hapa. Sasa wanasema anasimama. Mama-mukwe amechoka. Dada yangu, biashara yake imekufa kwa sababu ya hii sufuria. Ungeniambia tangu mwanzo ni murefu, ningepanga. Sasa nimemaliza watu." Kisha aliwaambia shemeji zake wamfungue. Dokta hakuwaacha wamfungue wao; aliikata kamba mwenyewe, akaufunga mguu kwa mbao na bandeji kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu, akawaeleza mara mbili jinsi ya kumbeba. Alipokuwa akipitishwa mbele yangu, Mama Zaina alinishika kifundo cha mkono. "Dada yangu ataendelea kukuletea," alisema. Na kweli dada yake alileta, si kila siku, lakini alileta.

Mama Ngoie alikuja na ubao wangu jioni ile. Alikuwa ameudhika, na maudhi yake siku zote yalikuwa ya upande wa kazi. "Huyu mumufute," alimwambia Dokta, aliyekuwa ameketi kando yangu. "Amekataa matibabu. Atatuharibia hesabu." Dokta alisema hapana. Alisema Mama Zaina alilala hapa miezi ile yote mbele ya macho yetu, na kumfuta ni kusema hakuwahi kulala. Nikatia kijiti. Wiki zilizofuata Mama Kisimba alipata homa ya kifua, akafa mchana mmoja wakati mwanawe amekwenda kununua mkate. Hakuondoka, hakupona. Dokta alinieleza kwamba kwa kazi yetu, kifo nacho hakishushi kidato, kwa kuwa ngazi yetu ni ya kupona. Kinatiwa kijiti, na kuandikwa kando. Nilimwambia kwamba kijiti cha marehemu na kijiti cha aliyebebwa nyumbani vinafanana mno. Alikubali kwamba vinafanana mno. Hakunipa namna nyingine, na mpaka leo, baada ya kazi ya maisha yangu yote kuwa hizi hesabu, nikiona vile vijiti juu ya karatasi ya mtu ninataka kuuliza, huyu nani, na huyu alikwenda wapi.

Kiangazi kilipoanza, picha mpya ya paja langu ilionyesha kwamba mfupa haujashika. Kaka yangu Numbi alifika kwa treni kutoka Nyunzu na habari mbili: kwamba mitihani ya taifa imepita bila mimi, jambo nililolijua, na kwamba amekuja kunipeleka kwa yule mzee wa Lukuga. Alisema hayo akiwa amesimama, kofia mkononi, kwa ukali wa mtu aliyelia njiani. Dokta alimsikiliza, akamwambia kwamba anataka kuniwekea plasta kubwa kuanzia kiunoni na kungoja tena. "Muda gani?" Numbi akauliza. Dokta alinionyesha kwa kidevu. "Dada yako njo anachora. Umuulize yeye."

Nilimwonyesha ngazi. Nilimweleza kama nilivyoelezwa: hapa tumelala wote, hapa wameanza kutembea, mimi niko hapa, kwenye tambarare. Kati ya waliofika hapa, wengine waliinuka baadaye. Wengine hatukuwaona wakiinuka.

"Na hivi vijiti?"

"Wale walioondoka."

"Walipona?"

"Hatujue, Yaya," nikamjibu, kwa jina tunalomwitia kaka mkubwa.

"Kwa yule muzee, walipona?"

"Hatujue."

Numbi aliirudisha karatasi kitandani polepole. "Sasa munajua nini hapa?"

Lilikuwa swali zuri, na nimelisikia tangu wakati huo kutoka kwa watu wenye vyeo vikubwa kuliko yake, bila ya mapenzi aliyokuwa nayo. Nilimwambia kwamba tunajua ni muda mrefu, na kwamba, kwa kuwa sasa nimeambiwa hivyo, ninaweza kuungoja. Nilisema nabaki. Ningependa kuandika kwamba hesabu ndiyo iliyoamua. Huenda niliogopa tu kitanda cha kamba na mashimo ya njia. Huenda nilitaka kubaki mahali ambapo mtu mzima aliniuliza maoni yangu. Numbi alilala usiku mmoja kwenye mkeka barazani, akaninunulia sukari na sabuni, akarudi Nyunzu bila kunisemesha. Aliniletea mke wake baada ya wiki, na mke wake ndiye aliyenipikia mpaka mwisho.

Dokta aliufunga utafiti wake mvua zilipokaribia, kwa kuwa alitakiwa Kinshasa kwenda kuueleza. Alikuja na koti la safari mkononi. Nilichora ngazi ya mwisho kwa wino, na kwenye ncha ya mstari wa tambarare nilitia kijiti changu mwenyewe: aliyeonekana amelala mpaka siku ya mwisho ya kuangaliwa. Dokta alikipuliza kikauke, akasema, "Nitapeleka jina lako pia," akaenda. Nasikia kule walimpigia makofi na kumpa kazi ya ofisini, na hakurudi kuishi Kalemie tena. Lakini tangu mwaka ule, pavio ile iliacha kuwaambia watu muda mfupi. Waliambiwa ni mrefu, na kwamba hatujui siku, na Mama Ngoie aliniambia pale matangani kwamba wengi zaidi walibaki, kwa kuwa walikuja wamejipanga.

Mimi nilifunguliwa plasta baadaye, mfupa ukiwa umeshika, mguu ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Nilijifunza kwa magongo, kisha kwa fimbo, kisha asubuhi moja yenye mvua ndogo nilikwenda hadi langoni na kurudi mikono mitupu. Hakuna aliyeandika. Mlinzi aliniuliza nimesahau nini. Mama Ngoie alikuwa akigombana na mtu juu ya mashuka, akaniangalia, akainua kidole kimoja kunionyesha ameona, akaendelea kugombana.

Kabla ya kupanda treni nilimwomba mke wa Numbi tupite soko la samaki, kwa kuwa nilikuwa na deni la sahani. Niliikuta sauti kabla ya mtu. Mama Zaina alikuwa amekaa nyuma ya sinia la ndakala, akimkatalia mteja. Aliponiona aliinuka, kwanza mkono gotini, kisha mwili wote, kwa kuyumba kidogo upande wa kulia, akaja kunipokea akichechemea, nami nikienda kwake nikichechemea upande wa kushoto, na watu wakatupisha. Alinishika mashavu, akasema nimekonda, akanikalisha, akanipa samaki wa moto juu ya jani. Mtoto wake wa mwisho alikuwa akikimbia kati ya vikapu. Nilikula, na nilipomaliza nikamwuliza lile ambalo nilikuwa nimelibeba tangu alipopitishwa mbele ya kitanda changu.

"Mama, ulianza kutembea lini?"

Alifikiri kweli, nikaona anajitahidi kwa ajili yangu. "Sijue, mwanangu."

"Mvua zilikuwa zimeanza? Ulikuwa ungali kwa yule mzee?"

"Nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimekaa." Alimtazama mtoto. "Huyu alianguka pale ku mulango, akalia sana. Nikaenda kumubeba. Nilipomushika mu mikono njo nikaona niko nasimama."

"Siku gani?"

"Feza," alisema, "mutoto alikuwa analia."